Nilijaribu kiwikoni yakakubali, mbona shingo imefanya michirizi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nimeolewa na nina mtoto wa kiume wa mwaka na nusu. Kwa muda mrefu nimesumbuliwa na mambo mawili: usingizi wa mang'amung'amu, na madoa ya chunusi mashavuni yanayogoma kutoka. Muuza vipodozi mmoja akanishauri ninunue mafuta ya kunukia, yale yanayouzwa kwenye vichupa vya kioo vya mililita 10. Nikachukua vichupa viwili, cha ndimu na cha bergamoti, tunda la jamii ya ndimu. Akaniambia ya ndimu yana vitamini C na yatang'arisha uso. Ya bergamoti nijipake shingoni badala ya marashi, na usiku nidondoshee kwenye mto yanitulize. "Ni vitu vya asili," alisema, "havina kemikali."

Sikukurupuka, Shangazi. Nilisikia kwamba kitu kipya hujaribiwa kwanza ndani ya kiwiko. Nikapaka usiku, nikaacha mpaka kesho yake jioni. Hakuna kuwasha, hakuna kipele. Ndipo nikaanza kuyatumia. Kila asubuhi matone mawili ya bergamoti kila upande wa shingo, hivyo hivyo bila kuchanganya na kitu. Usiku nilichanganya matone kama 15 ya ndimu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, nikajipaka usoni. Asubuhi nanawa maji, naenda kazini.

Jumamosi moja tulikwenda Raskazone na mawifi zangu, tukashinda ufukweni. Jioni shingo ikaanza kuchoma kama imepakwa pilipili. Baada ya siku mbili hivi kukatokea michirizi ya rangi ya kahawia iliyokolea, imeanzia chini ya masikio ikashuka hadi kwenye mtulinga, kama maji yaliyotiririka yakakauka. Usoni nako pameingia kivuli kwenye paji na juu ya mashavu. Wanafunzi wananiuliza nimefanyaje.

Kila mtu ana lake. Mwalimu mwenzangu anasema ni aleji. Mama anasema haiwezekani, maana ndimu wameipaka tangu enzi za bibi na hakuna aliyedhurika. Wifi yangu ameniletea krimu isiyo na maandishi, anasema itafuta alama zote ndani ya wiki. Bado sijaifungua.

Kuna mengine madogo. Kikombe cha plastiki nilichochanganyia mafuta kimepauka ndani na kinanata. Kichupa cha ndimu nakiweka dirishani, na siku hizi kimeanza kunuka kama rangi ya kupakia mbao. Mume wangu ana pumu, na tangu nianze kudondoshea mafuta kwenye mto amekuwa akikohoa usiku. Na mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, ameniomba nimtengenezee mafuta ya singo yenye harufu hiyo hiyo ya ndimu. Nifanye nini, Shangazi? Niyatupe yote?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Krimu ya wifi iache kama ilivyo, usiifungue. Tutairudia. Kichupa cha ndimu kilicho dirishani kitoe leo. Cha bergamoti usikipake tena shingoni, hata tone moja.

Sasa nikueleze kilichokupata. Si aleji. Ni kuungua, na kilichokuunguza ni vitu viwili vilivyokutana: mafuta na jua. Mafuta peke yake yasingekufanya hivyo, na jua la Raskazone peke yake lisingekuchora michirizi. Kwenye ganda la ndimu, limau, bergamoti, balungi na danzi kuna kemikali ambazo wataalamu huziita furokumarini. Ndiyo, kemikali, na ni za asili kabisa. Mti wenyewe huzitengeneza kujilinda na wadudu na magonjwa. Mojawapo ya kemikali hizo, bergapteni, imepewa jina kutokana na bergamoti yenyewe. Ukijipaka, hupenya hadi kwenye chembe hai za ngozi na kutulia humo. Ukitoka nje, miale ya jua ile ya urujuanimno inaziamsha, nazo hushikamana na vinasaba vya chembe hizo na kuziharibu. Ngozi huungua, kisha hujihami kwa kumwaga rangi nyingi mahali pale pale palipoguswa na mafuta. Ndiyo maana alama zako zina umbo la mtiririko. Tone lilishuka shingoni, nawe unaona njia yake yote.

Na hapa ndipo kiwiko kilipokudanganya. Jaribio ulilofanya ni zuri na ninaliunga mkono, ila linajibu swali moja tu: je, ngozi yako inayakataa mafuta haya? Ndani ya kiwiko hapaoni jua, tena ulipaka usiku. Furokumarini zilikuwepo, ila hakukuwa na mwanga wa kuziamsha. Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu jaribio la kiwiko leo, na kesho akababuka shingo kwa mafuta yale yale. Hili wauzaji wengi hawalisemi, na naamini wengi wao hawalijui. Laiti lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kichupa.

Aleji ina tabia tofauti. Kwa kawaida huwasha sana, huweza kusambaa kupita pale ulipopaka, na hutaka mwili uwe umekutana na kitu hicho kabla. Kuungua huku kwa mafuta na jua kunaweza kumpata mtu yeyote, siku ya kwanza kabisa anapoyatumia, awe mweupe au mweusi. Kwa ngozi kama yetu wekundu wa mwanzo mara nyingi hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu huona weusi umetokea tu na kudhani ni fangasi, au amerogwa.

Wala hujawa wa kwanza. Farina, Mwitaliano aliyehamia Cologne, Ujerumani, alianza kutengeneza ile odikoloni maarufu mwanzoni mwa karne ya 18, na bergamoti ilikuwa mojawapo ya nguzo za harufu yake. Mapema karne ya 20 madaktari wa Ulaya walikuwa tayari wanaeleza kwenye majarida yao habari za wanawake wenye michirizi ya kahawia shingoni, umbo lile lile ulilonielezea wewe, iliyotokana na odikoloni na jua. Baadaye kukaja hata mafuta ya kuotea jua yaliyotiwa bergamoti makusudi, ili Wazungu wapate rangi haraka. Mwaka 1995 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo: vipodozi vya juani visizidi miligramu 1 ya furokumarini kwa kila kilo. Sababu ilikuwa nzito kuliko madoa. Bergapteni ikikutana na miale hiyo mara kwa mara inashukiwa kusababisha saratani ya ngozi, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kuungua kwako mara moja hakukupeleki huko, usikose usingizi zaidi kwa hilo. Ninachotaka ujue ni kwa nini nasema usirudie.

Mama naye ana hoja, na ninamheshimu. Ndimu tumeipaka kweli: kwapani, kichwani kwa mba, mikononi baada ya kuparua samaki. Lakini ndimu ya mama ilikamuliwa, ikapakwa, ikasuuzwa na maji, na mara nyingi ndani ya nyumba au jioni. Furokumarini nyingi zimo kwenye ganda, si kwenye maji ya ndani, na kichupa chako ni ganda la ndimu nyingi mno lililokamuliwa likawa mililita 10. Hata hivyo, mwambie mama awatazame viganja na vidole vijana wanaokamua ndimu mchana kutwa juani. Wengine wana mabaka meusi ambayo wenyewe wanadhani ni uchafu wa kazi.

Nimepiga hesabu ya mchanganyiko wako wa usoni. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo matone 15 ni robo tatu ya mililita. Kijiko kikubwa cha chakula ni mililita 15. Ina maana ulijipaka mchanganyiko wa karibu asilimia 5. Chombo cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, IFRA, kimeweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa, yakiwa kwenye kitu kinachobaki kwenye ngozi itakayoona jua. Umekipita kikomo karibu mara saba. Bergamoti ni kali zaidi, kikomo chake ni asilimia 0.4, nawe uliipaka kavu. Limau ni asilimia 2, balungi 4, na danzi 1.25. Tena viwango hivi havisimami kila kimoja peke yake: ukichanganya ndimu na bergamoti kwenye chupa moja, madhara yanajumlishwa.

Kuyaweka jikoni kwako: vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi au ufuta ni mililita 30. Humo bergamoti isizidi matone mawili, au ndimu isizidi manne, si vyote pamoja. Ni kidogo kiasi kwamba harufu yenyewe utaitafuta, na kwa uso mimi nisingejisumbua nayo hata kwa kiasi hicho.

Maana ile ahadi ya vitamini C si ya kweli. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, nayo iko kwenye maji ya tunda. Mafuta ya ganda hayana vitamini C. Yana harufu tu, na sehemu kubwa ya harufu hiyo ni kitu kinachoitwa limonini, kiyeyushi hodari ambacho viwandani hutumika kuondolea grisi na gundi. Ndicho kilichokitafuna kikombe chako cha plastiki. Ukitaka kuchanganya tena, tumia kioo au bakuli la udongo lenye glezi, na koroga kwa kijiko cha chuma. Ukiona mpira wa kifuniko cha kudondoshea umevimba au unanata, nao ni kazi ya limonini hiyo hiyo.

Kichupa cha dirishani ni habari nyingine. Limonini ikipata hewa, mwanga na joto huoza kikemikali. Harufu inahama kutoka ndimu kwenda kwenye tapentaini, hiyo unayoiita ya rangi ya mbao, na humo huzaliwa vitu vinavyoanzisha aleji ya kweli. Mwili ukishaipata aleji hiyo hausahau. Unaweza kuja kuwashwa na sabuni ya vyombo, na marashi, na losheni, maana limonini imo kwenye vitu vingi vya kunukia. Kwa hiyo hicho usikipake popote. Usikimwage kwenye sinki wala karibu na moto, kwa sababu mafuta haya hushika moto. Mafuta yake yamwagie kwenye gazeti kuukuu au mchanga, nje, mbali na jiko, funga kwenye mfuko utupe. Kipya ukinunua kiwe cha kioo cheusi au cha kahawia, andika tarehe uliyofungua, kifunge kwa nguvu, kiweke kwenye friji au kabati lenye giza. Baada ya mwaka mmoja usikipake tena mwilini, hata kama kimebaki nusu.

Tuje kwenye shingo yenyewe. Kama bado inachoma au ina malengelenge, tia kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, usitumbue chochote, na uende zahanati. Kama imeshatulia na kilichobaki ni rangi, dawa kubwa ni kuiacha. Osha kwa sabuni laini na mkono, si dodoki. Paka mafuta mepesi yasiyo na harufu, hata ya mgando ya kawaida yanatosha. Usisugue na chumvi, sukari, wala, nakuomba, usijaribu kuitoa kwa ndimu. Na ifunike. Mtandio mwepesi unaoshuka hadi mtulingani utafanya kazi nzuri kuliko krimu nyingi, na ukiweza paka losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, ile inayokinga miale ya aina zote mbili, UVA na UVB, urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kumbuka kwamba miale inayoamsha furokumarini hupenya kioo cha daladala na hupenya mawingu. Rangi itafifia kwa wiki kadhaa, na kwa ngozi yetu huchukua miezi. Subira hapa ni ngumu, najua, hasa watoto wakikukodolea macho darasani.

Ndiyo maana krimu ya wifi inatisha. Krimu isiyo na maandishi inayofuta doa jeusi ndani ya wiki, mara nyingi ni mkorogo. Humo huwa mna haidrokwinoni isiyopimwa, au steroidi kali, au zebaki. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huleta weusi wa rangi ya bluu ambao hautoki tena. Utakuwa umebadilisha alama ya miezi kwa alama ya maisha. Najua wifi amekuletea kwa mapenzi, mshukuru, mwambie daktari amekukataza. Na kama una nafasi ya kwenda kwa daktari wa ngozi, kwa chunusi na madoa yake pia, nenda. Zipo dawa zilizopimwa, kama asidi azelaiki, ambazo zinashughulikia vyote viwili. Huko kwenu kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda mzima huu.

Niseme hapa pia, kwa wasomaji wengine: wapo ambao hata kiasi kidogo cha mafuta haya kwenye ngozi siwashauri. Ndugu zetu wenye ualbino, kwanza kabisa. Anayetumia doksisaiklini au septrini, dawa ambazo zenyewe huifanya ngozi iogope jua, asubiri amalize. Na mwenye pumu huumia kwa kunusa tu, hata asipojipaka, na hapo tunafika kwa mume wako.

Mwanangu, harufu kali ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuamsha pumu. Kikohozi cha usiku kilichoanza sambamba na mafuta ya mto si cha kubahatisha. Acha kabisa kuyaweka chumbani mnamolala, fua foronya kwa sabuni na maji ya moto, anika, fungua madirisha. Kama kikohozi hakikomi, au amekuwa akitumia pampu yake mara nyingi kuliko zamani, asisubiri, aende kliniki. Usihamie kwenye chetezo ukidhani ni nafuu. Kudondoshea mafuta haya kwenye makaa kunaweza kulipua moto usoni, na moshi wake kwa mwenye pumu ni mbaya zaidi.

Je, yanatuliza kweli? Yanaweza, kwa kiasi. Bergamoti ina linalooli na ndugu yake asetati ya linalili, zile zile zilizo nyingi kwenye lavenda. Mwaka 2000 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya jaribio lao: walieneza harufu ya chungwa kwenye chumba cha kusubiria daktari wa meno, na wanawake waliokaa humo walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wale waliosubiri bila harufu. Kwa wanaume tofauti haikuonekana hivyo. Ni jambo dogo lakini la kweli, na ninalichukulia kama ninavyochukulia asumini kwenye nywele: linapendeza, linalegeza moyo, halitibu. Usingizi uliokukimbia kwa muda mrefu una sababu yake, iwe ni madaftari ya kusahihisha hadi saa sita usiku, mtoto, mawazo, au simu. Mweleze daktari siku hiyo hiyo utakapomwonyesha shingo.

Kama unataka harufu yako, itafute mahali ambapo mume hayupo. Ukiwa peke yako sebuleni unasahihisha, dondosha matone mawili kwenye pamba, weka kwenye kisahani juu ya kabati, dirisha likiwa wazi, baada ya nusu saa itoe. Pua huzoea haraka, kwa hiyo ukiacha kuisikia usiongeze matone. Kisahani kiwe juu kweli kweli, kwa sababu ya mwanao. Mtoto wa mwaka na nusu akinusa kitu kama chungwa atakitia mdomoni. Mafuta haya yakimezwa huweza kuingia kwenye mapafu kama yanavyoingia mafuta ya taa. Likitokea, Mungu aepushe, usimtapishe na usimpe maziwa. Mpeleke hospitali mara moja, na kichupa ukichukue. Yakiingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali. Wala usidondoshee kwenye beseni lake la kuogea. Mafuta hayachanganyiki na maji, yataelea na kumgusa yakiwa makali vile vile. Yakimdondokea mtu kwenye ngozi, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, halafu osha kwa sabuni. Maji matupu huyasambaza tu.

Kwa marashi, bergamoti yako bado ina kazi. Itie kwenye nguo badala ya mwili: tone moja kwenye pindo la ndani la dera, au kwenye kitambaa unachoweka kabatini kati ya khanga. Jaribu kwanza kwenye mshono, kwa sababu ina ukijani na inaweza kuacha alama kwenye nguo nyeupe. Usitegemee idumu. Harufu za jamii ya ndimu ndizo za kwanza kuruka. Ndani ya saa moja au mbili hutaisikia, na ndiyo sababu mafundi wa manukato huziegemeza kwenye udi, liwa au miski. Ukitaka ya kupaka mwilini, tafuta bergamoti iliyoondolewa furokumarini. Kwenye kichupa huandikwa FCF, au "bergapten free". Kwa ndimu na limau, soma namna yalivyopatikana: "cold pressed" au "expressed" maana yake yamekamuliwa kwenye ganda, hayo ndiyo ya hatari juani. Yaliyoandikwa "steam distilled" yamepatikana kwa mvuke, na furokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke, kwa hiyo hubaki nyuma. Kichupa kisichoeleza lolote, kichukulie ni cha kukamuliwa.

Na sasa harusi, ambayo nimeifurahia. Usimtie mdogo wako ndimu. Bi harusi hukaa ndani wakati wa singo, sawa, lakini siku yenyewe atatoka, atapigwa picha nje, shingo na mikono viko wazi, na hina juu. Mtengenezee kwa chungwa tamu au chenza, ambayo mafuta ya ganda lake hayana tatizo la jua kama ndimu. Kichupani tafuta jina Citrus sinensis kwa chungwa, Citrus reticulata kwa chenza. Lisiwe danzi, Citrus aurantium, isipokuwa yale ya maua yake yanayoitwa neroli, ambayo yananukia vizuri kweli na hayana shida ya jua, ingawa bei yake ni ya kuugua.

Pima vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya ufuta mabichi yasiyokaangwa, hizo ni mililita 60, weka kwenye chupa ya kioo iliyooshwa ikakauka kabisa. Dondosha matone 12 ya chungwa tamu kutoka kichupa kipya. Hiyo ni asilimia 1, inatosha. Funga, tikisa taratibu, iache usiku mmoja gizani. Halafu mpake ndani ya kiwiko wiki mbili kabla, si siku mbili, funika kwa plasta, angalia baada ya siku moja na tena baada ya siku mbili. Hapa jaribio la kiwiko ndipo mahali pake, kwa sababu hofu iliyobaki ni aleji tu. Likikubali, changanyeni na liwa na mawardi kama mlivyozoea, lakini uso wake muuache. Usimpake siku aliyonyolewa au kutolewa vinyweleo. Ngozi iliyokwaruzwa hupitisha kila kitu.

Na kama ulishampa kichupa cha ndimu ajaribu mwenyewe, mpigie simu leo. Aoge kwa sabuni, asitoke juani mpaka kesho yake jioni, na hicho kichupa akurudishie.

Shangazi